Kasha la Funguo Tatu

Jumatatu, 6 Juni 1642

Mvua. Jibini tatu zimeshika ukungu, nimezisugua kwa chumvi. Baba alinipa daftari hili niandike habari za jibini tu, na za jibini nitaandika, lakini mwanamke mwenye mimba ya miezi saba, aliyekatazwa kunyanyua hata ndoo, lazima apate mahali pa kusemea. Kwa hiyo daftari litanivumilia.

Baba na Silas wamegombana asubuhi kuhusu majani ya konde la mtoni. Baba anataka yakatwe sasa, mvua au si mvua. Silas anataka tungoje jua. Mimi ni binti wa mmoja na mke wa mwingine, na nyumba zetu zinatazamana uani, kwa hiyo kila ugomvi naupata mara mbili: kwanza ukitokea, kisha kila mmoja akija jikoni kunieleza jinsi mwenzake alivyo kichwa ngumu.

Alhamisi, 9 Juni

Mvua. Wamegombana tena. Majani yale yale.

Jumanne, 14 Juni

Mvua asubuhi, mawingu jioni. Leo wamegombania Mungu, ambaye angalau halowi. Baba anapenda kupiga magoti kanisani na kuinama jina la Yesu likitajwa. Silas anasema mbinguni hawahesabu magoti. Baba akamwambia, "Ungejua kupiga magoti, mkwe, ungejua pia kupalilia." Silas alicheka hadi akamwaga bia yake. Ndivyo walivyo. Miaka minne nimewaombea wakubaliane jambo moja, hata dogo, hata kiasi cha chumvi kwenye supu.

Jumapili, 19 Juni

Leo nina mengi ya kuandika.

Baada ya ibada, Kasisi Pell alipanda mimbarani tena akiwa na karatasi mbili, moja kila mkono. Ya kwanza ilitoka kwa Mfalme, na muhuri wa nta umening'inia. Ya pili ilitoka Bungeni, London, na haikuwa na muhuri wowote. Kwa muda sasa tumesikia kwamba Mfalme na Bunge lake hawaelewani, lakini tulisikia kama tunavyosikia habari za mafuriko ya mbali. Leo maji yamefika mlangoni.

Barua ya Mfalme iliandikwa kwa Kilatini. Kasisi akawa anaitafsiri neno kwa neno, na jasho likimtoka. Silas hakuvumilia.

"Kama ananiita nikafe," akasema kwa sauti, "si aniite kwa lugha ninayoijua?"

"Kilatini ni heshima," Baba akamjibu kutoka benchi la mbele bila kugeuka. "Hukuandikiwa wewe uielewe. Umeandikiwa uitii."

Ikaja zamu ya karatasi ya Bunge. Hiyo ilieleweka na kila mtu, na ikasomwa haraka. Baba akainyoshea kidole. "Muhuri uko wapi? Hakuna? Basi hiyo mpe binti yangu Thomasin afungie jibini."

Watu wakacheka, hata wale wa upande wa Silas. Lakini karatasi zote mbili zilitaka kitu kimoja: silaha za kijiji zitolewe, na wanaume waende nazo mjini. Mfalme anasema waende kwa watu wake. Bunge linasema waende kwa watu wake.

Silaha za kijiji ziko kanisani, ndani ya kasha la mwaloni chini ya mnara: bunduki sita, panga sita, kofia za chuma, koti la ngozi, na vipipa viwili vya baruti. Humo pia mna kikombe cha fedha cha meza ya Bwana na daftari la ubatizo, ndoa na mazishi. Kasha lina kufuli tatu, na kila kufuli ina ufunguo wake. Mmoja anao kasisi, na mbili wanazo wazee wa kanisa. Wazee huchaguliwa kila Pasaka, mmoja na kasisi, mmoja na watu. Mwaka huu kasisi alimchagua Baba. Watu wakamchagua Silas. Pasaka tulilichekea sana jambo hilo.

Baba akaenda kwenye kasha mbele ya wote, akatia ufunguo wake, akasema, "Kwa jina la Mfalme," na kufuli yake ikafunguka. Kisha akasimama akingoja.

Silas alikunja mikono. "Nitafungua yangu ukisema kwa jina la Mfalme na Bunge lake."

"Bunge lake! Lingekuwa lake lingemsikiliza."

"Na yeye angekuwa wetu angetusikiliza."

Wote wawili wakamgeukia kasisi. Kasisi akapapasa mifuko yake, akasema ufunguo wake ameuacha nyumbani, na mvua ilikuwa kubwa, na je, si wakati wa chakula? Baba akafunga kufuli yake. Tukaenda kula. Kondoo alikuwa ameungua upande mmoja.

Jumatano, 22 Juni

Mvua. Wamegombana asubuhi, adhuhuri na jioni. Silas hakula mezani kwa Baba.

Ijumaa, 24 Juni, Sikukuu ya Mtakatifu Yohana

Nimekwenda kwa Kasisi Pell kumpelekea jibini. Huyu ndiye aliyenifundisha kusoma, nikiwa na miaka sita, na nampenda, ingawa siku zote nimemwona mwoga. Nilimkuta kwenye mizinga yake ya nyuki. Nikamuuliza kama ameupata ufunguo.

"Bado, mwanangu. Uzee. Nasahau kila kitu."

Alipoinama kuchukua kikapu, niliona kamba shingoni mwake, chini ya kola, na kwenye kamba ufunguo. Yeye naye aliniona nikiuona. Akanipa sega zima la asali, jambo ambalo si kawaida yake, na njia nzima ya kurudi nyumbani nililamba vidole na kufikiri.

Nilifikiri hivi. Baba alipigana Uholanzi alipokuwa kijana na hajaacha kusimulia. Silas hajapiga hata sungura. Kasha likifunguliwa kwa jina la Mfalme, Baba ataondoka na bunduki. Likifunguliwa kwa jina la Bunge, ataondoka Silas. Na yule atakayebaki hatakubali kubaki. Lakini likikaa limefungwa, hakuna atakayekwenda, kwa sababu hakuna atakayejiaibisha kufika mjini na uma wa kugeuzia majani. Na kasha litakaa limefungwa maadamu watu hawa wawili hawakubaliani.

Usiku wa leo sitaomba ninachoomba kila siku.

Jumamosi, 25 Juni

Wamegombana vikali. Namshukuru Mungu.

Jumatano, 29 Juni

Mvua. Baba anasema majani yameanza kuoza kwenye mizizi. Silas anasema ni rangi tu. Safi kabisa. Waendelee.

Jumanne, 5 Julai

Jua! Jua tangu alfajiri. Kijiji kizima kiko kondeni.

Niliwekwa kivulini kwenye ua wa miti na mtungi wa bia, nisimame tu nikiitwa. Wakataji walikuwa tisa, wamejipanga mshazari, na Baba mbele kama kila mwaka. Silas alikuwa nyuma yake. Hawajasemeshana tangu Jumamosi. Baba ana miaka hamsini na minane na goti lake la kulia halikunjiki vizuri. Kila baada ya hatua kumi fyekeo la Silas lilikuwa likimkaribia kisigino, na kila likimkaribia, Silas alisimama akajifanya kulinoa. Alilinoa fyekeo lile asubuhi nzima. Nilidhani sasa limebaki uzi.

Nimemwambia adhuhuri, "Nimekuona."

"Umeona nini?"

"Umenoa mara thelathini."

"Lilikuwa butu," akasema, na masikio yakamwiva. Sijui kama nimewahi kumpenda kama leo.

Ijumaa, 8 Julai

Majani yote yako ghalani, makavu, yananukia. Baba anasema ni kwa sababu alishikilia yakatwe. Silas anasema ni kwa sababu yeye alishikilia yangojwe.

Alhamisi, 14 Julai

Habari mbaya kutoka kijiji cha Scalthorpe, ng'ambo ya kijito. Kasha lao walilivunja kwa shoka. Wakanyang'anyana baruti palepale kwenye makaburi, na fundi chuma wao, Hickling, mtu aliyewapigilia viatu vya chuma farasi wetu wote, amechomwa upanga na mwana wa shangazi yake. Amekufa jana. Aliyemchoma anakaa nje ya mlango wa mjane na haondoki, wala hawamfukuzi.

Baba alisikia, akavua kofia. Silas naye akavua. Kwa muda walisimama pamoja uani bila kugombana, nikaogopa sana.

Jumamosi, 23 Julai

Baba amerudi kutoka mji wa Leicester, alikokwenda jana na farasi kumwona Mfalme akipita. Silas ameapa hataki kusikia. Akakaa jikoni akichonga mpini, akisikiliza kila neno.

"Mtu mfupi," Baba akasema. "Anaonekana mchovu. Kelele zilikuwa nyingi, lakini waliojiandikisha si wengi."

Silas akashindwa. "Alivaa nini?"

"Nilidhani hutaki kusikia."

"Sitaki. Alivaa nini?"

"Nyeusi. Kama nyinyi wa Bunge."

Silas akaendelea kuchonga. Baadaye, tukiwa wawili, aliniambia hana chuki na Mfalme. Anataka tu aambiwe ukweli na watu wasiomwogopa. Nikamwambia hilo ndilo analotaka Baba pia, ila yeye anataka aambiwe kwa adabu. Silas akasema kama ni hivyo tu, dunia nzima isingekuwa na tabu.

Jumatatu, 1 Agosti

Mkate wa ngano mpya kanisani. Wamekuja wapanda farasi wawili siku moja, mmoja wa Mfalme, mmoja wa Bunge, karibu wagongane darajani. Wote waliulizia silaha. Wote walipelekwa kwa kasisi, na kasisi akawaonyesha nyuki.

Wanaume wameanza kutaniwa na vijiji vingine kwamba Wymeswick yetu ni kijiji cha wanawake. Baba hali vizuri. Silas anazunguka uani bila kazi.

Ijumaa, 5 Agosti

Joto. Miguu imenivimba. Jibini nne.

Jumatano, 10 Agosti

Binti! Jana, kabla ya adhuhuri. Ananyonya. Analia kwa nguvu kama anayedai haki yake. Bi Joyce Wragg, mkunga, anasema hajaona mapafu kama hayo. Silas alipopewa amshike alitoka nje kwanza akanawe mikono tena, akarudi, akatoka tena. Baba alilia waziwazi, akasema ni moshi, na moto haujawashwa tangu juzi.

Alhamisi, 11 Agosti

Wamegombania jina. Silas anataka Patience. Baba hakutaka chochote, alisema tu kwamba mama yangu aliitwa Ursula. Silas akamtazama, akasema, "Ursula Orton. Linasikika vizuri." Nimeandika hili nikijua kwamba ni jambo la kwanza walilokubaliana. Nilifurahi mno kiasi kwamba sikuogopa.

Ijumaa, 12 Agosti

Kasisi Pell amekuja kunitazama. Alikaa kwenye kigoda karibu na kitanda, akamsifu mtoto, kisha akasifu hali ya hewa.

"Jumapili nitambatiza," akasema. "Jina lake nitaliandika kwenye karatasi safi. Mambo yakitulia, nitalinakili kwenye daftari."

"Kwa nini si kwenye daftari lenyewe?"

"Daftari liko ndani ya kasha, mwanangu."

Sasa nitaandika ukweli, kwa kuwa hakuna mwingine wa kulaumiwa. Kabla ya Ursula nilizaa wawili. Wote walikufa maji ya ubatizo hayajawagusa, na hawamo kwenye kitabu chochote, kana kwamba niliwaota. Nilimwambia kasisi kwamba sitaki karatasi. Karatasi hupotea, panya wanakula, watu wanafungia jibini. Nilimwambia mwanangu yu hai na nataka aandikwe pale walipoandikwa wazima. Nililia vibaya. Kasisi alishika kola yake.

"Ni kufungua dakika moja," nikamwambia. "Kuandika na kufunga."

"Thomasin," akasema, "wewe unajua kwa nini ninasahau."

Nilijua. Nikalia zaidi. Mwishowe alinibusu kipaji cha uso na kusema vizuri, ataandikwa.

Jumapili, 14 Agosti

Wamekwenda naye kanisani. Aliyejifungua haruhusiwi kutoka nje bado, kwa hiyo niko kitandani nikisikiliza kengele. Kumetulia. Hata kuku wametulia.

Wamerudi. Ursula amelala. Baba na Silas waliingia pamoja, mabega yakigusana mlangoni, wote wakicheka, wameshikana mikono kama waliokutana leo. Walimweka mtoto kifuani pangu, wakasema ameandikwa. Nikawabariki wote wawili. Wakatoka. Kisha Bi Joyce alifunga mlango, akakaa kitandani na kunieleza.

Kasisi alitia ufunguo wake kwanza. Baba akafuata, hakutaja Mfalme. Silas akafuata, hakutaja Bunge. Mfuniko ukainuliwa. Kasisi akachukua daftari, akaandika jina, na Bi Joyce anasema aliandika polepole kuliko mtu anayechora, huku akiwatazama kwa pembe ya jicho. Alipomaliza akasema, "Haya, tufunge." Hakuna aliyesogea.

Baba ndiye aliyesema kwanza. "Halikufunguliwa kwa ajili ya Mfalme."

"Wala kwa ajili ya Bunge," Silas akasema.

"Limefunguliwa kwa ajili ya mtoto. Hakuna aliyeshindwa."

"Hakuna."

"Basi, mkwe, bunduki ni sita."

Wakagawana. Tatu kwa tatu, panga tatu kwa tatu, pipa moja moja. Bi Joyce anasema hajaona watu wakifanyiana adabu hivyo hata harusini. Bunduki moja ilikuwa na kutu, Baba akaichukua yeye, akisema yeye anajua kuisafisha. Kulikuwa na koti moja tu la ngozi nene la kuzuia upanga. Silas akamvisha Baba. Baba akalivua akamvisha Silas. Silas akalivua tena. Walibishana kuhusu koti hilo muda mrefu kuliko walivyobishana kuhusu Mfalme, na mwishowe Baba alimfunga vifungo Silas kwa mikono yake mwenyewe. Kasisi alikuwa amekaa chini karibu na kisima cha ubatizo, analia.

Miezi miwili niliuombea ugomvi wao uwaweke mbali na silaha. Nikawapa nafasi ya kupatana.

Jumatatu, 15 Agosti

Nimemwomba Silas asiende. Alipiga magoti kando ya kitanda, yeye asiyependa kupiga magoti, akasema, "Mke wangu, watu watatu wamejiandikisha kwa sababu yangu. Nitawaambia nini?" Nimemwomba Baba. Akasema, "Nilikula kiapo kwa baba yake Mfalme nikiwa na miaka kumi na tisa. Unataka nikirudishe kama fyekeo la kuazima?"

Nikawauliza wote wawili, mbele ya mtoto, watafanya nini wakikutana. Silas alitazama sakafu. Baba akasema nchi ni kubwa.

Jumanne, 16 Agosti

Jibini moja tu. Mikono haitaki.

Jumatano, 17 Agosti

Kesho wanaondoka. Baba na watu wake wanashika njia ya kaskazini, Silas na wake ya kusini. Leo mchana kutwa wamekuwa uani chini ya dirisha langu, na nimejikokota hadi hapa kuwatazama.

Asubuhi Silas alijaribu kujaza bunduki yake, akamwaga baruti yote kwenye buti. Baba alimwona kutoka mlangoni kwake. Alivumilia kidogo, kisha akavuka uani akichechemea.

"Hebu lete. Utajiua kabla hujafika darajani."

Akamwonyesha. Mimina baruti. Tia risasi. Shindilia kwa mdeki, fimbo hii ya chini ya mtutu. Rudisha mdeki mahali pake. Tia baruti kidogo kwenye kibia hiki cha pembeni, puliza utambi, lenga. Silas akarudia, akasahau.

"Mdeki! Mdeki umeuacha mtutuni! Ukifyatua hivyo utamrushia adui fimbo, kisha utajaza tena kwa nini, kwa kidole?"

"Adui nani, Baba?" Silas akamuuliza taratibu.

Baba alimrekebisha mkono wa kushoto, akausogeza mbele kidogo.

"We jaza," akasema. "Anza upya."

Akawa anahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, na Silas anajaza. Mara ya kwanza walifika mia na kumi. Baba akamtukana. Adhuhuri walifika themanini. Niliwaita wale, wakala wamesimama, wakarudi. Shati la Silas lilikuwa limelowa. Baba alikuwa ameketi juu ya kigogo, goti lake likimuuma, hakuacha kuhesabu. Sabini. Sitini. Wakipumzika, Baba alimwambia mambo ambayo hakuwahi kutusimulia miaka yote ile: usisimame karibu na mwenye bendera, usivue buti, ukiona farasi wanakuja usigeuke kukimbia, kwa sababu mgongo ndio wanaoutafuta. Silas alisikiliza kila neno. Hawakugombana hata mara moja.

Jua likishuka, Silas alijaza mara ya mwisho. Mikono yake ilikwenda yenyewe, na mdeki ulirudi mahali pake, na alipoinua bunduki begani Baba alikuwa ndiyo kwanza amefika thelathini na nane. Baba akasimama, akacheka kwa sauti, akampiga begani.

"Sasa nenda," akasema. "Upande wetu hatuna hata mmoja mwenye kasi hiyo."

Nilikuwa nimemshika Ursula dirishani, na nilipiga kelele ya furaha, nikamwinua juu amwone baba yake. Mungu anisamehe, nilifurahi kwa moyo wote kwa ajili ya mume wangu. Kisha nikamtazama aliyekuwa akihesabu.